Nyumba Nilizokuwa Nikiingia Bila Kubisha

Mwanangu, iko asubuhi moja ya Kipsongo inayonirudia hata nikiwa nachambua maharagwe. Nilikuwa nimefika kwa Selina, na badala ya kupita nyuma na kuingia kama nilivyozoea, nilimkuta amesimama mbele ya mlango na kiti cha plastiki alichoazima kwa jirani. Alikipangusa kwa leso, akakiweka uwanjani penye kivuli, akasema, "Karibu, mheshimiwa. Keti hapa." Nikaketi. Tena nilifurahi. Nakwambia hili kabla ya mengine yote kwa sababu na wewe watakutolea kiti siku moja, na wewe utafurahi.

Kila uchaguzi unapokaribia, wasichana wanaojitolea mitaani hunijia nyumbani kuuliza njia. Mnakuja mkiwa mmeshaamua. Mnataka kujua jinsi ya kuzungumza na wazee wa chama, au kama ni vizuri kuvaa kitenge au suti siku ya kutangaza nia. Hayo mtu yeyote atakufundisha. Mimi nitakueleza jambo ambalo hakuna aliyenieleza mpaka nilipokuwa nimeshalifanya, na yule mmoja aliyenieleza sikumsikiliza.

Nilizaliwa Naitiri, upande wa Bungoma, nikaolewa Kitale na fundi wa matrekta. Shule niliiacha mapema. Nilichokijua baadaye nilikisoma mwenyewe, kwa vijitabu vya kliniki na kamusi niliyoinunua sokoni ikiwa haina jalada. Kliniki ya mtaani ilipotafuta akina mama wa kujitolea, niliandikisha jina, tukafundishwa, tukapewa mkoba wa bluu wa kubeba mgongoni. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka nyumba za Kipsongo, mtaa wa hapo Kitale: watoto wasiochanjwa, wajawazito, na watu waliokuwa kwenye dawa za muda mrefu. Watu wakaanza kuniita Mama Mkoba. Jina langu la kweli wengi hawakulijua.

Aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa daktari. Alikuwa Robai, mama mzee aliyewahi kuwa mkunga wa mtaa, na sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Kukhu Robai alikuwa na namna yake ya kuingia nyumba ya mgonjwa. Hakupita mbele. Alisema mbele ni mahali majirani wanapotazama, na mkoba ule wa bluu ukionekana unasimama mbele ya mlango kila asubuhi, hata mtoto atajua humo ndani kuna ugonjwa. Kwa hiyo alizunguka nyuma, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi, akaingia, na neno "hodi" akalisema akiwa ameshafika ndani. Hakungoja kuonyeshwa pa kukaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, au juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha, akiendelea kuzungumza habari za mvua, mkono wake ulikwenda kwenye sufuria na kufunua kifuniko.

"Mtu atakuambia amekula," aliniambia. "Usibishane naye. Funua uone."

Nilidhani ni udadisi wa mzee. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapo ndipo kazi yote ilipokuwa. Watu wa Kipsongo hawakosi heshima, na mtu mwenye heshima hasemi kwamba amelala njaa. Ukitaka kujua, lazima uwe umeingia ndani kiasi kwamba hakuna haja ya kusema.

Selina alikuwa mmoja wa wagonjwa wangu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini mama yake na mama yangu waliteka maji kisima kimoja kule Naitiri, kwa hiyo aliniita dada. Aliolewa Suam na mfanyabiashara wa mpakani, ndoa ikamshinda, akaja Kitale na binti yake mdogo, akawa anauza sukuma wiki na mrenda kando ya barabara. Alipopimwa na kukutwa na kifua kikuu alinishika mkono pale kliniki.

"Dada, wateja wakijua, nani atanunua mboga iliyokatwa na mikono yangu?"

"Hawatajua."

"Si utaniapia?"

Nikamwapia. Na kwa miezi ya kwanza nilikitunza kiapo hicho vizuri. Kila asubuhi nilipita nyuma. Alimeza vidonge mbele yangu na kikombe cha uji, kisha akafungua mdomo nione, akatoa ulimi kama mtoto, tukacheka. Vidonge vile ni vikali, mwanangu. Ukivimeza tumbo likiwa tupu vinakuchafua roho mpaka unatapika. Siku nilizofunua sufuria na kuikuta kavu nilirudi nyumbani kuleta unga, na hatukuzungumza juu ya unga huo. Alianza kunenepa. Sauti yake ikarudi. Alianza hata kunitania, akisema mume wangu ananuka dizeli mpaka kwenye nguo zangu.

Sasa sikiliza jinsi siasa ilivyoingia.

Mtaro uliopita katikati ya mtaa ulikuwa umeziba, na kila mvua maji machafu yaliingia nyumbani mwa watu. Watoto waliharisha. Sisi akina mama wa kujitolea tulikwenda kwa mwakilishi wa wadi wa wakati ule, mara ya kwanza, ya pili, na nyingine nyingi. Mara ya mwisho alitoka nje ya ofisi, akatutazama tulivyokaa kwenye nyasi, akawaambia watu wake, "Wapeni soda hawa mama wa mikoba waende wakafanye kazi." Tulizinywa zile soda. Nilikuwa na kiu. Lakini tukiwa njiani kurudi, mmoja wetu akasema, "Si wewe Mama Mkoba usimame? Wewe unasoma. Unajua kila nyumba." Wengine wakaitikia. Ndani ya wiki moja lilikuwa limekuwa neno la mtaa mzima.

Nilisoma sheria ya kaunti kwa kamusi yangu, ukurasa kwa ukurasa. Nilijua kazi ya mwakilishi wa wadi kuliko waliokuwa wakiifanya. Nakwambia haya ujue kwamba sikuingia kwa pupa. Niliingia kwa mpango, na kosa langu lilikuwa ndani ya huo mpango.

Maneno hayakukosa, bila shaka. Wanaume kwenye kibanda cha chai waliniita nikipita.

"Mama, wewe si mtu wa Bungoma? Enda ugombee kwenu Naitiri, bana."

"Niliolewa hapa," nilisema.

"Umeolewa kitandani, haujaolewa kwa wadi."

Wakacheka, nami nikacheka nao, maana mwanamke akikasirika pale ameshashindwa. Ukienda Naitiri nao wanakuambia wewe ni wa Kitale, uliondoka, ulitoa kura yako kwa watu wa mume. Hilo utakutana nalo. Haliumi sana ukilizoea.

Lililoniuma lilitoka kwangu mwenyewe. Nilikaa nikapiga hesabu ya njia zangu. Nyumba za kutembelea kwa dawa ni hizi, nyumba za kuomba kura ni hizi hizi. Kwa nini nizizunguke mara mbili? Mtu anayependa utaratibu hupenda kumaliza mambo mawili kwa safari moja. Basi asubuhi nilivaa mkoba wangu, na nyuma yangu wakafuata vijana wa kampeni na kofia zao na fulana zenye picha yangu. Picha yenyewe nilipigwa nikiwa na mkoba mgongoni. Tuliibandika kila ukuta. Mkoba ndio ulionifanya nijulikane, na sikuona ubaya wowote wa kuutumia.

Huwezi kupita nyuma ya nyumba ukiwa na vijana wanane wanaoimba. Kwa hiyo nilipita mbele. Na watu wakafanya kile ambacho watu wetu hufanya mgombea anapokuja: walitoa kiti nje, wakakipangusa, wakanikalisha uwanjani mahali majirani wataona kwamba mheshimiwa amefika kwao. Kwenye nyumba zote nilizokuwa nikiingia bila kubisha sasa nilikaa nje, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Nilijiambia, wananiheshimu sasa.

Kwa Selina ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi ile ya kiti nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Umekunywa?" Akatazama vijana, akatazama uzio wa jirani, akasema, "Nishakunywa, mheshimiwa." Akapiga kigelegele kidogo. Vijana wakafurahi. Nikampa pakiti ya wiki ile ndani ya bahasha ili isionekane, nikajiona mwerevu, nikaenda nyumba iliyofuata. Siku zilizofuata niliuliza hivyo hivyo, akajibu hivyo hivyo. Aliniita mheshimiwa. Sikutambua ni lini aliacha kuniita dada.

Kukhu Robai ndiye aliyetambua. Aliniita kwake siku moja ya mavuno. Nilimkuta ameketi kwenye gunia akipukuchua mahindi kwa mikono, na hakuacha kazi nilipofika.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe. Keti tupukuchue."

Nikaketi chini, nikachukua hindi moja. Tulifanya kazi kwa muda. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Kwa Selina siku hizi unakaa wapi?"

"Ananitolea kiti."

"Nje?"

"Nje."

"Zamani ulikuwa unakaa wapi?"

"Kitandani kwake."

"Na sufuria yake ina nini?"

Nikasema, "Yuko sawa, Kukhu. Ananiambia amekunywa dawa."

"Sikukuuliza anasema nini." Alipangusa makapi mapajani. "Huyo msichana hakutolei kiti kwa sababu umekuwa mkubwa. Anakutolea kiti usiingie. Unajua wale wengine wanasema nini huko kwa kibanda? Ati wewe unajua ugonjwa wa kila mtu. Ati asiyekupigia kura, siku ya mkutano atasikia jina lake kwa maikrofoni."

"Huo ni uongo."

"Najua ni uongo. Wao hawajui. Wao wanaona mtu aliyekuwa anaingia kwao polepole sasa anaingia na ngoma. Wewe ungesadiki nini?"

Akanyoosha mkono. "Nipe mkoba. Mimi nitazunguka hizo nyumba. Wewe uombe kura zako."

"Kukhu, mkoba huu uko kwa kila ukuta wa Kitale."

"Basi kuta ziwe na picha. Mkoba nipe mimi."

Nikamwambia nitampa baada ya mchujo wa chama. Ulikuwa umekaribia sana, na kama ningeonekana bila mkoba, wapinzani wangesema nimewaacha wagonjwa kwa ajili ya cheo. Nilimweleza hayo kwa mpangilio mzuri, hoja baada ya hoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unaongea kama wao sasa," akasema. "Hiyo si kitu, kila kazi ina maneno yake. Lakini mtu hawezi kukuogopa na kukuonyesha kidonda siku moja. Chagua ni nini unataka kutoka kwa Selina, kura au kidonda. Vyote hatakupa."

Niliondoka nimekasirika. Nitakuambia ukweli wa mawazo yangu, maana huenda na wewe utayawaza: nilidhani ananionea wivu. Nilidhani, huyu mama amebeba mkoba miaka yote na hakuna aliyemwambia asimame.

Mchujo nilishinda. Mtaa ulicheza. Akina mama walinivika majani shingoni, vijana wakanibeba mpaka kwenye kile kibanda cha chai, na wale wale walionituma Naitiri wakanishika mkono wakisema, "Sasa mathe, usitusahau." Katikati ya kelele hizo nikamwona Kukhu Robai amesimama kando ya barabara, hachezi. Nilipomkaribia akasema jambo moja tu. "Selina yuko wodini tangu jana. Anatema damu."

Nilienda hospitali nikiwa bado na majani shingoni. Niliyavua mlangoni, sikujua pa kuyaweka, nikayashika mkononi.

Walikuwa wamemtenga kwenye chumba cha pembeni, madirisha wazi. Alikuwa amekwisha mwili. Nilitaka kukaa ukingoni mwa kitanda, muuguzi akanikataza, nikasimama.

"Selina, si uliniambia unakunywa?"

Alipumua kwanza. Aliongea kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nilikunywa mwanzo. Kisha unga ukaisha. Nikawa natapika. Nikasema ngoja nipate uji ndio ninywe."

"Kwa nini hukuniambia unga umeisha?"

"Mbele ya wale vijana?"

Nikayatazama yale majani mkononi.

"Nilikuwa nangoja uje peke yako," akasema. "Kila asubuhi nikisikia ngoma nasema, leo akimaliza atarudi kupitia nyuma."

Sijawahi kusikia neno zito kuliko hilo, mwanangu, na nimekaa kwenye bunge la kaunti nikatukanwa na watu wanaojua kutukana. Hakulisema kwa lawama. Alikuwa ananieleza tu jinsi ilivyokuwa, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini hakufika sokoni.

Dawa zikikatwakatwa hivyo, ugonjwa unakuwa sugu. Walijaribu nyingine, kali zaidi, lakini mwili wake haukuwa na kitu cha kushindana. Aliniomba nisimamie binti yake apelekwe kwa nyanyake. Alikufa kabla ya kampeni kumalizika.

Walimsafirisha Naitiri kwa mazishi. Nilikwenda, nimevaa leso kama wenzangu, nikawaacha vijana Kitale. Niliingia bomani nikaelekea pale akina mama walipokuwa wamekaa chini, kuzunguka jeneza, mama yake Selina akiwa katikati. Nilitaka kukaa nao. Pale ndipo mahali pa dada. Nilipoanza kuinama, mama yake Selina akainua macho. Ananijua tangu nikiwa mtoto. Amewahi kunichapa kwa kumwaga maji yake kisimani.

"Wageni wako kwenye tenti, mheshimiwa," akasema.

Hakukuwa na hasira. Nadhani hasira ingekuwa afadhali. Akina mama wengine walisogea kidogo ili nipite, si ili nikae. Kijana wa kamati ya mazishi akanishika kiwiko kwa adabu, akanipeleka mbele, kwenye safu ya wanasiasa, kati ya mtu aliyekuwa akigombea kiti cha Tongaren na mwingine ambaye sikumjua. Wote wawili walikuwa wakipanga nani ataongea kwanza.

Mwenye maikrofoni aliniita kwa jina la bango. "Tumpe nafasi Mama Mkoba, mheshimiwa mtarajiwa kutoka Kitale, ni msichana wetu wa hapa hapa." Watu wakapiga makofi. Nikasimama na kile chombo mkononi. Pale mbele yangu walikuwapo pia watu waliosindikiza jeneza kutoka Kipsongo, walioambiwa kwamba siku moja nitasoma magonjwa kwa maikrofoni, na kwenye jeneza alikuwa mtu niliyemwapia kwamba hakuna atakayejua. Sikuweza kusema alikufa kwa ugonjwa gani. Sikuweza kusema alikufa kwa nini. Nilisema poleni, nikataja jina la mama yake, nikarudisha chombo. Mwenye maikrofoni akacheka kidogo, akasema, "Mheshimiwa leo amepoa." Na vijana waliokuwa ukingoni mwa tenti wakanifuata nilipotoka, wakisema, "Mathe, tuachie hata pesa ya maji basi." Kwao yalikuwa mazishi kama mengine, na mimi nilikuwa mgombea kama wengine.

Juma hilo nilimpelekea Kukhu Robai mkoba. Hakusema, "Si nilikuambia?" Alinitaka nizunguke naye nyumba zote za wagonjwa, bila kofia, bila fulana, tukipita nyuma, ili nimkabidhi kila mtu kwa mkono wangu na kuwaambia kwamba yote ninayoyajua juu yao nimeyaacha hapo. Wengine walitukaribisha. Wengine walisikia sauti yangu wakafunga. Mwanamume mmoja, mgonjwa wa miaka mingi, aliniambia kupitia ukuta wa mabati, "Wewe mama, nitakupigia kura. Kwangu usiingie." Na nadhani alinipigia, kwa sababu nilishinda.

Ndiyo, nilishinda. Usinisikie vibaya nikizungumza hivi. Yule mtaro ulichimbuliwa, na ukajengwa kwa saruji. Ninajua nani asingefanya hivyo. Nilipigania wale wa kujitolea watambuliwe na kaunti, na baadaye wakatambuliwa, ingawa si kwa jasho langu peke yangu. Lakini kwa muda wote niliokaa katika ofisi ile, kila mtu aliyenijia alikuwa na maneno yaliyotayarishwa. Waliniambia barabara ni mbaya, karo ni ngumu. Hakuna aliyeniambia hajala tangu jana. Nililazimika kujifunza njaa ya wadi yangu kwa ripoti, mimi niliyekuwa nikiijua kwa kufunua kifuniko. Na Kukhu Robai, aliyejua yote, hakuniletea hata jina moja, nami sikumuuliza, maana nilikuwa nimeshaelewa. Alikufa akiwa bado anazunguka.

Binti yake Selina yuko Naitiri, ni msichana mkubwa sasa. Namlipia shule. Nikienda kumwona, nyanyake hunipokea vizuri na kunipa chai. Bado ananiita mheshimiwa, ingawa ni miaka sasa tangu nitoke ofisini.

Basi, mwanangu, sikukuzuii. Kama wanakuambia usimame, na ukijitazama unaona unaweza, simama. Wadi zetu zinahitaji watu waliowahi kusafisha mtoto wa mwenzao. Lakini siku utakapoamua, kabla hujachapisha chochote, kabla hujamwambia hata mume, tafuta mtu wa kupokea kazi yako. Asiwe mtu wa kampeni yako. Asiwe hata mtu anayekupenda sana. Mpeleke kila nyumba, ukae naye ndani mpaka mwenye nyumba amzoee, na hilo halifanyiki kwa juma moja, kwa hiyo anza mapema, na kama muda hautoshi, ngoja uchaguzi mwingine. Utaambiwa nafasi haitarudi. Itarudi. Serikali huitisha uchaguzi kila baada ya miaka mitano bila kukosa.

Usiombe kura kwenye nyumba uliyopeleka dawa. Mwache mtu huyo aamue mwenyewe, akiwa peke yake, na kama atampa mwingine, usitake kujua. Usiweke kwenye bango kile watu walichokuamini nacho, awe ni mgonjwa, awe ni mjane, awe ni mtoto uliyemwokota. Na ukishaingia ofisini, kubali kwamba umekuwa mtu wa kuambiwa nusu. Tafuta walio na ile nusu nyingine, uwape wanachohitaji kwa kazi yao, na usiwaulize majina.

Zaidi ya yote, kuna mmoja. Katika kila mtaa kuna mmoja ambaye atakungoja. Yeye hatakuita, hatakupigia simu, hatapiga kelele mkutanoni. Mkumbuke kwa jina lake kila asubuhi unapofunga kilemba, na kama huwezi kumfikia wewe mwenyewe, uhakikishe kuna mtu aliyemfikia kabla jua halijawa kali.

Mungu akupe nguvu ya kusimama mbele ya watu, na akupe wanyonge wasiokuogopa. Akulindie watoto wako wakati hupo. Akuletee mzee wa kukukemea mapema, na akupe masikio siku hiyo hiyo. Nenda, mwanangu, na amani iwe njiani mwako.